Barua ya Wazi: Mwambieni Atuonyeshe Shamba

Newala, Mtwara
4 Agosti 2025

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya uhariri wa kitabu cha makala za Kusini

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAKALA YANGU ILIYOCHAPISHWA KWA JINA LA MTU MWINGINE, UKURASA WA 47

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo nilivyoanza barua zangu tatu zilizotangulia, ya Januari, ya Machi na ya Juni mwaka huu, na sitaki mseme kwamba safari hii nimekuja kwa shari. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa simu na kijana mwenye sauti ya upole, akaniambia, "Mama, suala lako linafanyiwa kazi." Ya tatu niliileta kwa mkono wangu. Nilitoka Newala na basi la alfajiri, nikakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka adhuhuri, nikagongewa muhuri wa IMEPOKELEWA, nikarudi. Muhuri ninao, jibu sina. Leo naandika mbele ya watu.

Ofisi yenu siitaji, na kijana aliyetia jina lake kwenye makala yangu simtaji. Kitabu kipo, kurasa zina namba, atakaye kujua atajua. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 35 na sijawahi kumwaibisha mtoto kwa jina lake mbele ya paredi ya asubuhi. Sitaanza uzeeni.

Kwa wasomaji wasioujua mkasa, ni hivi. Tarehe 14 Juni 2021 nilileta kwenu mswada wa kurasa tisa. Niliuandika kwa mkono kwenye daftari, mjukuu wangu akauchapa. Unamhusu bibi yangu mzaa mama na njia ya maji. Aliyekulia Dar es Salaam huenda hajui kwamba uwanda wa Makonde, ambao Newala imekaa ukingoni mwake, ni nchi ya mchanga unaomeza mvua yote. Maji yako chini bondeni. Wanawake wa enzi zile waliyafuata huko kwa miguu, wakapanda nayo kichwani. Makala yangu inashuka njia ile na kuipanda, basi. Hakuna kingine ndani yake. Mlinijibu kwamba haikufuzu, nami nikakubali. Nimewakata watoto wa watu alama nyingi mno, siwezi kulia nikikatwa mimi.

Novemba 2024 kitabu kikatoka. Mwalimu mwenzangu wa zamani akaniletea nakala, akidhani ananifurahisha. "Huyu kijana ana kalamu kama yako," akasema. Nikafungua ukurasa wa 47, nikamkuta bibi yangu kageuka bibi wa mtu mwingine.

Nimeambiwa na watu wanne tofauti, mmoja wao ni mjumbe wenu, kwamba jambo hili ni gumu kuthibitisha. Mimi naliona jepesi. Naomba mniruhusu nilipange kama nilivyokuwa nikipanga ubaoni.

1. Kosa langu limechukuliwa pamoja na kazi yangu.

Niliandika kwamba kutoka ukingoni mpaka kisimani ni hatua 412. Namba hiyo si ya kweli. Nilikuwa na miaka tisa, natembea nyuma ya bibi na kibuyu changu, nikihesabu ili nisiogope. Nilipofika kwenye mwembe wa katikati ya njia, nyoka akakatiza, hesabu ikanitoka. Nikaanza tena kutoka mia mbili, kwa sababu mia mbili ilikuwa namba kubwa niliyoipenda. Chini nikafika na 412. Mwaka 2022 nilishuka tena na mjukuu wangu, tukahesabu wawili, tukapita 600, na hapo nina miguu mirefu kuliko ya mtoto wa miaka tisa.

Ndugu Mwenyekiti, mtu mwingine anaweza kuwa na bibi. Bibi huyo anaweza kuwa ameteka maji bondeni, na mjukuu anaweza kuwa amehesabu hatua. Lakini ili naye apate 412, itabidi nyoka akatize mbele yake kwenye mwembe, na yeye naye awe anaipenda mia mbili. Ukurasa wa 49, mstari wa sita, imeandikwa: "hatua mia nne na kumi na mbili."

Sisi walimu hatukuwa tukiwakamata wanaodesa kwa majibu waliyopata. Jibu sahihi ni moja, kila aliyesoma analifikia kwa njia yake. Tuliwakamata kwa walichokosa. Watoto wawili wa dawati moja wakiandika kwamba Mlima Kilimanjaro uko Singida, huhitaji mpelelezi.

2. Maji yamekunja miguu.

Katika mswada wangu kuna sentensi hii: "Bibi akachungulia kisima, akasema maji yamekunja miguu, tukakaa." Sikueleza maana, na sikueleza kwa makusudi. Nilitaka msomaji akae pale ukingoni pamoja nasi, aelewe polepole.

Kwenye kitabu chenu imekuwa hivi: "Kama wasemavyo Wamakonde, maji yamekunja miguu, yaani yalikuwa mengi na yametulia, tukakaa."

Wamakonde hawasemi hivyo. Ulizeni Newala, ulizeni Tandahimba, vukeni Ruvuma mkaulize Mueda kule Msumbiji. Aliyesema hivyo ni bibi yangu peke yake, kwa kuwa magoti yalimsumbua na akishakaa chini kunyanyuka ilikuwa kazi. Kwake yeye maji yaliyokunja miguu ni maji yaliyopungua, yaliyokaa chini kabisa na hayana nia ya kunyanyuka. Unakaa ukingoni na kata yako, unasubiri yachuruzike, saa nzima kwa mtungi mmoja. Ndiyo maana tulikaa. Kijana naye ameandika "tukakaa". Sasa kama maji yalikuwa mengi, walikaa kumsubiri nani?

Hapa nakiri kwamba hasira yangu yote iko kwenye nukta hii. Ile namba aichukue. Lakini usemi ule ulikuwa kitu cha mwisho cha bibi kilichobaki kinywani mwangu, na amekwenda kuusambazia kabila zima baada ya kuugeuza maana. Mwakani mtoto wa kidato cha pili ataandika kwenye insha kwamba Wamakonde husema hivyo.

3. Kijiji kimehama, bonde limebaki.

Amehamishia hadithi kijiji kimoja cha Tandahimba. Lakini ukurasa wa 51 bibi anapumzika ukingoni "akitazama Shimo la Mungu". Shimo la Mungu, lile bonde kubwa chini ya ukingo, liko Newala. Sina la kuongeza.

4. Maneno madogo.

Hii itawachosha wengine, lakini ndiyo niipendayo, mnivumilie.

Mimi husema na huandika "mpaka". "Hadi" nalijua, nimelifundisha, ila halitoki kinywani mwangu. Mswada wangu wote hauna "hadi" hata moja. Makala ya ukurasa wa 47 ina "mpaka" mara 31 na "hadi" mara 9. Nikachukua kalamu nyekundu, nikazizungushia zile tisa. Zote zimo katika aya nne: ya kwanza, mbili za katikati, na ya mwisho. Nikaweka mswada wangu pembeni, nikalinganisha. Ukiacha aya moja nitakayoitaja mwishoni, aya hizo nne ndizo pekee ambazo hazimo kwangu.

Na si "hadi" tu. Katika aya zile nne kuna "ikumbukwe kwamba", kuna "kwa namna moja au nyingine", na kuna sentensi inayosema bibi alikuwa akikabiliana na "changamoto za upatikanaji wa huduma ya maji". Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakukabiliana na changamoto ya upatikanaji wa huduma. Alikuwa na kiu. Kisha aya inayofuata anateremka mlima na ngata ya kanga kuukuu kichwani, kimya, sentensi fupi fupi, kama niliyemwandika. Usomaje jambo hilo usilione? Ni kama kusikiliza redio ambayo mtu anaigusa gusa kila baada ya dakika mbili.

Huu si uganga wangu. Mwaka 1964 wanatakwimu wawili wa Marekani, Frederick Mosteller na David Wallace, walitoa kazi yao kuhusu makala za kutetea Katiba ya nchi hiyo, zilizochapishwa magazetini 1787 na 1788 bila majina halisi ya waandishi. Kumi na mbili kati yake ziligombewa: je, ni za Alexander Hamilton au za James Madison? Watu walikuwa wamebishana kwa hoja kubwa kubwa za siasa bila kufika popote. Wale wawili wakahesabu vineno visivyotazamwa na mtu, vihusishi na viunganishi. Kimoja kidogo sana Hamilton alikitumia kila mara, Madison karibu hakukigusa. Jibu lao likawa Madison. Hoja kubwa mtu anaweza kuikopa, kwa sababu anaiona. Vineno vidogo havioni hata mwenyewe anayeviandika, kwa hiyo mwizi hakumbuki kuvibadilisha.

Alivyokumbuka kubadilisha ni majina ya vitu. "Mtungi" umekuwa "chombo". "Kisima" kimekuwa "chanzo cha maji". "Akateremka" imekuwa "akashuka chini". Kila alipobadilisha neno, sentensi ilianza kuchechemea, na kila alipoliacha ilitembea. Mtu akitaka kujua mtindo wa mwandishi ni nini, asisome vitabu vya nadharia. Achukue kurasa hizi mbili, azilaze sambamba, atazame ni wapi nguo imeshonwa kiraka.

Hizo ndizo hoja zangu nne. Sasa najua mtakachonijibu, maana mengine nimeshajibiwa pale kwenye benchi.

Mtasema: hadithi za bibi ni mali ya wote. Za sungura na fisi ni za wote, sikatai. Jando na unyago ni vya wote. Njia ya maji ilikuwa ya wote, na kila aliyezaliwa Newala kabla ya mabomba ana haki ya kuiandika, nami nitamsoma kwa furaha. Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatofautisha hivyo: wazo halina mwenyewe, namna lilivyoelezwa ina mwenyewe. Nami sidai njia ile. Nadai kurasa tisa.

Mtasema: hukusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Sikusajili, na sheria hainilazimishi. Kazi inalindwa tangu ilipotungwa, na haki ya kutajwa jina ni ya mtunzi. Nilisajili kwa namna yangu: niliileta kwenu, mkaandika tarehe kwenye daftari lenu la mapokezi. Na hili nalisema taratibu. Nakala zilikuwa mbili tu duniani, moja kabatini kwangu na moja kabatini kwenu. Simtuhumu aliyefungua kabati. Nasema tu kwamba la kwangu hufungwa kwa ufunguo ulioko shingoni mwangu.

Mtasema: la muhimu ni kwamba hadithi ya Kusini imesomwa, jina ni jambo dogo. Hili lilisemwa kweli, na aliyelisema ni mzaliwa wa Lindi, akanisikitisha zaidi. Kati ya 1909 na 1913 watu wa Lindi walichimba Tendaguru mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, wakaibeba vichwani na mabegani mpaka bandarini, tani zaidi ya 200. Mmoja wa wale mijusi amesimama Berlin hadi leo, urefu wake unazidi mita 13. (Mmeona? Nimeandika "hadi". Nimejilazimisha, na imenikaa vibaya.) Majina yaliyotangulia kwenye vitabu yakawa ya wakuu wa msafara wa Wajerumani. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, aliyeijua ile mifupa kwa mikono yake, ilibidi angoje mpaka 2007 mwanasayansi mmoja alipompa mjusi mmoja jina linalotokana na lake, Australodocus bohetii. Karibu miaka mia. Watu wa pwani hii hawapaswi kufundishwa na yeyote jina linavyoweza kuachwa njiani. Hata hilo la "machinga", ambalo ni Wamachinga wetu wa Lindi waliotembeza bidhaa mjini, siku hizi wapo wanaoapa kwamba limetoka kwenye Kiingereza!

Mtasema: kwani hata wewe hukuiga? Hapo nanyoosha mikono. Nimeiga. Mwendo wa sentensi zangu ni wa bibi, alivyokuwa akisimulia huku akimenya mihogo, anakaa kimya pale pale ambapo kisu kinashika. Na kuna jambo sijawahi kuwaambia hata wanangu. Nikiwa kidato cha pili nilinakili ukurasa mzima kutoka gazeti la zamani, nikaupeleka kwenye mashindano ya insha ya shule. Nikasifiwa. Mwalimu akaniita mbele nisome kwa sauti. Nilipofika kwenye sentensi iliyosema "nyumba ile ilijaa ukiwa", akaninyamazisha, akaniuliza kwa upole, "Ukiwa ni nini?" Nikadhani ni kitenzi. Nikamjibu, "Ukiwa... ukiwa wapi, mwalimu?" Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinirudishia karatasi, akasema niandike nyumba ninayoijua. Nikaandika jiko la bibi. Tangu siku hiyo sijanakili.

Kwa hiyo simchukii huyu kijana, namfahamu kuliko anavyodhani. Tena najua tofauti ya kuiga na kuiba, maana huku kwetu tunaiona kila siku kwenye mpingo. George Lilanga, mchongaji na mchoraji, alizaliwa wilayani Masasi mwaka 1934. Mashetani yake yenye masikio makubwa na midomo ya kucheka yameigwa na mafundi wengi mno, na wengi walianza hivyo kisha wakapata mkono wao. Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha uchongaji wa mashetani miaka ya 1950, aliigwa na kizazi kizima. Fundi mchanga hukaa chini ya mwembe na mkubwa wake, anachonga anachochonga mkubwa, na hakuna anayemwita mwizi. Siku atakapochukua kinyago cha mkubwa wake, akakipaka rangi ya viatu, akakiandika jina lake chini ya kitako na kumuuzia mtalii, kikao kitaitwa jioni hiyo hiyo.

Mtasema, mwisho kabisa: Mama, ni maneno tu, kwa nini ulifanye kubwa? Kulikuwa na mshairi wa Roma ya kale, Martial, karne ya kwanza, aliyesikia kwamba mtu mmoja anasoma mashairi ya Martial hadharani kana kwamba kayatunga yeye. Akatunga shairi kumwelekea mheshimiwa aliyeitwa Quintianus. Akasema mashairi yangu ni kama watumwa niliowaacha huru. Mtu akidai ni wake, wewe simama useme ni wangu, na yule mteka watu ataona haya. Neno alilotumia, plagiarius, kwao lilimaanisha mtu anayeiba binadamu akawafanye watumwa, na ndilo walilolirithi Wazungu kwa wizi wa maandishi. Mikindani iko kilomita chache tu kutoka ofisini kwenu. Jengo linaloitwa soko la watumwa lingali limesimama. Mtu akinyang'anywa pale, kitu cha kwanza alichopoteza kilikuwa jina. Sisemi haya yanalingana, nisije nikaonekana sina adabu mbele ya wafu. Nasema aliyechagua neno lile hakulichagua ovyo, na kwamba naye, kama mimi, hakumwandikia mwizi. Alimwandikia mtu mwenye nafasi ya kusimama na kusema.

Ndugu Mwenyekiti, mtu huyo safari hii ni wewe. Ninachoomba wala si kigeni, nanyi mmekiona.

Sote tunaijua kangomba. Kwa msomaji wa mbali: mchuuzi huja kijijini wakati wa njaa, anampa mkulima hela kidogo au anampimia kwa bakuli, anachukua korosho kwa bei ya kutupa, kisha msimu ukifunguka anazipeleka ghalani kama zake. Hana mkorosho hata mmoja, ana magunia 50. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuhakikiwa. Uhakiki ulikuwa rahisi mno: twende shambani. Mikorosho yako mingapi? Salfa ulipuliza mwezi gani? Mpaka wako na jirani uko wapi? Wakulima wengine wa haki nao walisumbuka na malipo yakachelewa, sisahau. Lakini lile swali lenyewe lilikuwa zuri. Mwenye shamba aliongea mpaka wahakiki wakachoka, anaonyesha mkorosho uliopandwa na baba, ule uliopigwa na radi, ule unaozaa mabibo matamu kwa ajili ya pombe ya uraka. Asiye na shamba alijibu maswali mawili akaanza kutafuta simu mfukoni.

Basi naomba haya:

(a) Mtuite wote wawili siku moja, chumba kimoja. Kila mmoja aje na shamba lake. Mimi nitaleta daftari la mkono lenye mistari iliyokatwa, aya tatu za mwanzo nilizozitupa, na barua yenu ya 2021 ya kunikataa. Yeye alete alicho nacho. Kisha mtuulize: kwa nini 412? Maji yakikunja miguu yanakuwaje? Mtu akitazama kutoka Tandahimba, Shimo la Mungu linaonekanaje? Nakubali mapema uamuzi wa watu watatu wowote mtakaowachagua, mradi wawe wasomaji na wasiwe ndugu zetu.

(b) Mpaka kikao hicho kifanyike, msiendelee kugawa kitabu mashuleni. Nasikia nakala bado zipo stoo. Ikithibitika, mbandike karatasi ya sahihisho ukurasa wa 47, lenye jina la mtunzi na maana sahihi ya usemi wa bibi. Hilo la pili ni muhimu kwangu kama la kwanza.

(c) Mnirudishie mswada wangu, na mniandikie ni nani aliukabidhiwa kati ya Juni 2021 na Novemba 2024. Kuanzia sasa kila anayeleta kazi apewe stakabadhi yenye tarehe na idadi ya kurasa. Mkulima wa korosho anapewa stakabadhi akifikisha mzigo ghalani. Mwandishi anaondoka mikono mitupu.

(d) Fedha sidai. Wala sitaki kijana afukuzwe popote. Mkimkuta na hatia, mpeni karatasi tupu na mwambieni aandike nyumba anayoijua. Ana aya moja, ya saba, ukurasa wa 50, inayoeleza pikipiki ya bodaboda ikikwama kwenye mchanga wakati wa jua kali. Haimo katika mswada wangu. Hata "hadi" haina. Ni nzuri kweli, na nadhani hiyo ni yake.

Nawapa siku 30 kuanzia tarehe ya barua hii. Baada ya hapo nitapeleka makaratasi yangu COSOTA, na nitapanda tena lile basi la alfajiri. Benchi la mapokezi tumeshazoeana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, Newala.
Jina langu mnalo kwenye barua zote tatu. Ndilo lililotakiwa kuwa ukurasa wa 47.